SOMO KWA WAFANYAKAZI: GARI HUJUAJE KILOMITA ZILIZOBAKI?



Magari mengi ya siku hizi yana namba katika dashibodi inayomwambia dereva kwamba mafuta yaliyomo ndani ya tangi yatamfikisha kilomita kadhaa. Dereva huiona, msimamizi huiona, na hata sisi tunaopanda nyuma kwenda shambani huiulizia. Lakini ni wachache wanaojua namba hiyo hutoka wapi. Na mahali ambapo watu hawajui, ndipo mshahara wa mtu unapokatwa bila haki. Kwa sababu hiyo tumeona vema somo la toleo hili liwe juu ya namba hiyo.

KISA CHA LITA 30

Tuanze na kisa kimoja. Shamba hatulitaji, wala dereva. Asubuhi moja dereva wa lori la majani ya chai aliomba mafuta. Msimamizi akachungulia dashibodi, akaona imeandikwa kilomita 240. Akasema: "Kazi yako ya leo haifiki kilomita 170. Nenda." Jioni lori lilizimika njiani likiwa na mzigo, baada ya kwenda kilomita 120 tu. Majani yaliharibika, na vibarua waliokuwa wakilingoja lori walirudi makambini kwa miguu gizani.

Kesho yake dereva aliambiwa hivi: "Kompyuta ilisema 240, wewe umekwenda 120. Nusu ya mafuta umeuza. Lita 30 utalipa." Akakatwa mshahara. Naye hakuwa na la kujibu, maana hakujua kompyuta ilivyohesabu. Msimamizi naye hakujua.

GARI HUPIMAJE MAFUTA

Ndani ya tangi mna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakiwa mengi boya huelea juu, yakipungua hushuka. Mkono unapopanda na kushuka hugusa kifaa cha umeme ambacho huachia umeme mwingi au kidogo kupita. Umeme huo ndio unaosogeza mshale wa geji.

Tuzingatie hapa: boya halihesabu lita. Boya hupima kimo cha mafuta tu. Gari likisimama mlimani, mafuta hukimbilia upande mmoja wa tangi, na kimo hubadilika ingawa hakuna tone lililopotea. Gari likirukaruka kwenye mashimo, mafuta huchafuka kama maji katika ndoo. Ndiyo maana kompyuta haiamini kipimo kimoja. Huchukua vipimo vingi na kutafuta wastani wake, na kwa hiyo geji huenda polepole.

Kimo hicho nacho hubadilika kwa joto. Dizeli ikipata moto hutanuka, ikipoa hujikunyata. Ukijaza lita 200 mchana wa jua kali, na usiku mafuta yakapoa kwa digrii 15, asubuhi utakuta yamepungua kwa lita 2 na zaidi. Hakuna aliyeiba. Uzito wa mafuta ni ule ule.

HESABU YENYEWE

Mbali na boya, kompyuta ya gari hupata habari kutoka sehemu nyingine mbili. Ya kwanza ni injini: kompyuta yenyewe ndiyo inayoamuru nozeli zifunguke na kufunga, kwa hiyo hujumlisha mafuta yaliyopita. Ya pili ni mizunguko ya magurudumu au ya giyaboksi, ambayo huonyesha umbali uliokwenda. Umbali ukigawanywa kwa mafuta hutoa kilomita kwa kila lita. Kisha kompyuta hufanya hesabu ya kuzidisha ya darasa la nne:

Lita zilizobaki × kilomita kwa lita = kilomita zilizobaki.

Lita 60 zikizidishwa kwa kilomita 4 ni kilomita 240. Hakuna uganga mwingine. Madereva wa zamani, ambao malori yao yalikuwa na mshale tu, walifanya hesabu hiyo hiyo kichwani.

Sasa tuulize: hiyo kilomita 4 kwa lita imetoka wapi? Imetoka katika safari iliyokwisha. Baadhi ya magari huangalia kilomita chache zilizopita, mengine huangalia mamia. Lakini yote huangalia nyuma. Lori la kawaida la shambani haliijui barabara ya kesho. Halijui kama litabeba tani saba au litakwenda tupu, kama mvua itanyesha, wala kama litakaa foleni. Husema tu: "Ukiendelea kwenda kama ulivyokuwa ukienda, utafika hapa." Hiyo ndiyo maana ya makadirio.

KWA NINI NAMBA HUPANDA NA KUSHUKA

1. Mzigo na mlima. Tuchukue mfano wa lori linalorudi bara kutoka mnada wa chai wa Mombasa. Kutoka Mombasa hadi Nairobi barabara hupanda zaidi ya mita 1,600. Kama lori na mzigo wake ni tani 40, kuuinua uzito huo peke yake hula zaidi ya lita 40 za dizeli, mbali na zile za kulisukuma mbele. Namba itashuka upesi kuliko kilomita zinazokwenda.

2. Mteremko. Lori tupu likishuka, namba huweza hata kupanda, na watu huuliza: "Mafuta yameongezeka vipi?" Hayakuongezeka. Wastani ndio ulioongezeka. Tena tuonye hapa: msiteremke na giya huru kwa nia ya kubana mafuta. Injini nyingi za sasa hufunga mafuta kabisa gari linaposhuka likiwa kwenye giya na mguu umeondolewa kwenye mafuta. Ukiweka giya huru, injini hula mafuta ili isizimike, breki hupata moto peke yake, na watu walio nyuma wamo hatarini.

3. Kusimama injini ikinguruma. Lori la kati linalosimama foleni huweza kula kama lita 2 kwa saa. Kilomita zilizoongezeka ni sifuri, lakini tangi linapungua.

4. Barabara na matairi. Matope, mchanga na matairi yasiyo na upepo wa kutosha hufanya injini ivute kwa nguvu zaidi. Matairi yaliyolika nayo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na mita ikaandika umbali mkubwa kuliko ule wa kweli.

TURUDI KWENYE KISA

Sasa tuihesabu upya siku ya yule dereva. Jana yake lori lilikuwa limerudi tupu kwa barabara ya lami, likienda kilomita 4 kwa lita. Hapo ndipo ilipotoka 240. Lakini siku ya kazi lilibeba majani, likapanda vilima kwa barabara ya matope, na lilikuwa likienda kilomita 2 na nusu kwa lita. Tena lilikaa saa 6 kwa jumla, injini ikiwaka, kwenye vibanda vya kupimia majani na kwenye foleni ya kiwanda.

Saa 6 kwa lita 2 ni lita 12. Kilomita 120 zikigawanywa kwa 2 na nusu ni lita 48. Jumla ni lita 60.

Tangi lilikuwa na lita 60, na lita 60 zimetumika kazini. Zile lita 30 za wizi hazikuwapo kamwe, ila katika hesabu ya msimamizi.

LA KUFANYA

Hatusemi kwamba mafuta hayaibwi. Mafuta huibwa, na chama hakimtetei mwizi. Tunachosema ni kwamba namba ya dashibodi si ushahidi. Kipimo cha haki kipo, tena ni rahisi:

Kwanza, jazeni tangi mpaka juu na muandike namba ya mita. Mkijaza tena mpaka juu, andikeni namba mpya na lita zilizoingia. Mita ikitoka 48,200 hadi 48,620, na lita zilizoingia ni 140, lori limekwenda kilomita 3 kwa lita. Fanyeni hivyo wiki kadhaa, mtajua ulaji wa kweli wa lori hilo katika kazi hiyo.

Pili, kila dereva awe na daftari. Aandike mzigo, barabara, mvua, na hasa saa za kusimama injini ikiwaka. Msimamizi atie sahihi jioni.

Tatu, msingoje sifuri. Magari mengi hutengenezwa ili namba ifike sifuri mafuta kidogo yakiwa bado yamo, lakini akiba hiyo si ya kuitegemea. Injini ya dizeli ikikauka huvuta hewa kwenye mabomba, na kujaza mafuta peke yake mara nyingi hakutoshi kuiwasha mpaka hewa hiyo itolewe. Taa ya tahadhari ikiwaka, dereva atoe taarifa mbele ya shahidi.

Nne, makato ya mshahara yana utaratibu. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, katika kifungu cha 8, unasema makato yaruhusiwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi; na mfanyakazi ajulishwe masharti hayo. Ukikatwa kwa sababu ya mafuta, usitie sahihi kwa hofu. Mwite mwakilishi wa chama, na uje na daftari lako.

Ndugu zetu, mwenye daftari hupambana kwa hesabu, na asiye na daftari hubaki kuapa tu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Lori lina lita 50 na wastani ni kilomita 4 kwa lita. Likisimama saa 5 injini ikiwaka, likila lita 2 kwa saa, litabakiza kilomita ngapi?

2. Katika shamba au kiwanda chenu, nani huandika mafuta yanayotolewa, na dereva hupewa nakala?

3. Je, mapatano yenu na mwajiri yanasema lolote juu ya makato ya mafuta? Kama hayasemi, nani atalipeleka jambo hilo katika mkutano ujao?