SOMO LA 31: SARAFU ZA KALE ZA NIKELI

Katika kijiji kimoja karibu na Korogwe aliishi bibi mzee pamoja na mjukuu wake. Paa la nyumba yao lilikuwa limechakaa, na mvua ilipita ndani. Bibi alikuwa na kopo la sarafu za kale, urithi wa marehemu mumewe. Siku moja alikuja mchuuzi, akalitikisa kopo, akasema, "Hivi ni vyuma tu. Nitalinunua lote kwa shilingi elfu tano." Bibi akamjibu arudi siku ya tatu.

Mjukuu akawaza moyoni, "Zikimeta, bei itapanda." Basi akatwaa sarafu moja yenye tundu katikati, akaisugua kwa mchanga na ndimu hata ikang'aa. Kesho yake akampelekea mwalimu wake kwa furaha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

Mwalimu alipoitazama, uso wake ulibadilika. Akasema, "Mwanangu, hukuisafisha, umeikwaruza. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani, wala hairudi tena kuwa kama ilivyokuwa. Nenda ukalete zilizosalia, nawe usizisugue."

Mvulana akalileta kopo, na mwalimu akamfundisha mambo manne.

La kwanza, madini. Sarafu nyingi zinazoitwa za nikeli si nikeli tupu. Kwa kawaida huwa sehemu 3 za shaba na sehemu 1 ya nikeli. Hata hivyo rangi yake ni nyeupe kama fedha. Nikeli tupu huvutwa na sumaku, bali mchanganyiko huu hauvutwi. Kwa hiyo hela ya nikeli ikinasa katika sumaku, yafaa kuitilia shaka.

La pili, maandishi. Sarafu ile yenye tundu iliandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Ilikuwa ya heller 10. Heller 100 zilifanya rupia 1, na kutokana na jina hilo sisi tumepata neno "hela". Chini ya utawala huo sarafu za nikeli za heller 10 zilitolewa tangu 1908 hata 1914, na za heller 5 zenye tundu katika miaka ya 1913 na 1914. Herufi ndogo A yaonyesha kwamba sarafu ilipigwa Berlin. Herufi J, Hamburg.

Waingereza nao walikuwa na senti zao zenye tundu, zilizopambwa kwa pembe za ndovu. Senti 10 za nikeli zilianza mwaka 1907. Zilizo na jina la Edward VII ni za mwaka 1910 na kurudi nyuma. Tangu 1911 ni za George V. Herufi H yaonyesha kiwanda cha Heaton mjini Birmingham. Baadaye senti za namna hiyo zilipigwa kwa shaba nyekundu. Tundu lake lilikuwa na faida: mtu asiye na mfuko aliweza kuzitunga katika uzi.

La tatu, uchache. Watu wengi hudhani kwamba kitu cha kale ni ghali kwa sababu ya ukale wake. Sivyo. Huko Marekani sarafu ya nikeli ya senti 5 ya mwaka 1912, yenye kichwa cha mwanamke kama mfano wa Uhuru, ilipigwa kwa mamilioni, na bei yake ni ndogo. Ya mwaka 1913 yenye sura ile ile, zajulikana 5 tu; mwaka 2018 moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 4. Tofauti ni mwaka mmoja! Ndiyo sababu wadanganyifu hubadili tarakimu, na mnunuzi mwenye busara huchunguza mwaka kwa kioo cha kukuzia.

La nne, hali. Tazama mahali palipoinuka, kama taji. Ikiwa mistari yake yote yaonekana, sarafu ni nzuri; ikiwa imefutika kwa kupita mikononi, bei hushuka. Shika sarafu kwa ukingo wake, uiweke peke yake katika bahasha ya karatasi kavu.

Kisha wakazipanga zote. Nyingi zilikuwa zimechakaa, nazo ni za kawaida. Lakini ndani yake mlikuwa na shilingi 6 zenye simba mbele ya milima. Mvulana akasema, "Hizi pia ni nikeli." Mwalimu akamwambia, "Soma mwaka kwanza." Shilingi 2 zilikuwa za 1948, nazo kweli ni shaba na nikeli. Nyingine 4 zilikuwa za kabla ya 1947, na shilingi hizo zilikuwa na fedha, robo ya uzito wake.

Mvulana akaandika orodha: nchi, mwaka, herufi, madini na hali ya kila sarafu. Mchuuzi aliporudi, bibi akampa karatasi ile, akasema, "Baba, tuhesabu moja moja." Mchuuzi akanyamaza kitambo, kisha akakubali. Bibi hakutajirika, lakini bei ilizidi ile ya kwanza mara nyingi, akapata mabati ya upande mmoja wa paa.

Sarafu moja haikuuzwa: hela ile iliyosuguliwa. Mchuuzi aliikataa, na mvulana akaomba aiweke. Kila aionapo hukumbuka kwamba ajuaye kidogo hana budi kuuliza kabla ya kutenda.

MASWALI
1. Kwa nini si vema kusugua sarafu ya kale?
2. Neno "hela" limetoka wapi?
3. Shilingi ya 1946 na ile ya 1948 zatofautianaje?
4. Je, ukale peke yake waleta thamani? Toa mfano.
5. Chukua sarafu yoyote ya nyumbani kwenu, uandike habari zake kama mvulana alivyofanya.