Dondoo muhimu: Kabla hujanunua seramu ya peptaidi Kisauni

Geuza chupa usome viambato. Tafuta jina kamili, kama palmitoyl pentapeptide-4 au copper tripeptide-1. Neno “peptide” likiandikwa mbele peke yake halitoshi. Joto letu huharibu seramu, kwa hivyo ile iliyoanikwa juani mezani sokoni Kongowea iache, hata kama bei ni ya kutupa. Chukua chupa ya pampu isiyopitisha mwanga, yenye stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Ikiahidi weupe kwa wiki moja, irudishe mara moja: huenda ina zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku Kenya kwenye vipodozi, nazo hudhuru kweli. Jaribu kwanza nyuma ya sikio. Ipe wiki 8 hadi 12 uone matokeo, na kila asubuhi jipake mafuta ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu.