Je, Dinosaria Walitongoza kwa Mikia?

Swali: Sisi tuliambiwa dinosaria ni mijusi wakubwa. Sasa mnasema walikuwa na manyoya; yametoka wapi?

Si wote waliokuwa nayo. Yule mkubwa wa Tendaguru, Lindi, ambaye mifupa yake iko Berlin, ni wa ukoo mwingine, tumwache. Ninaowazungumzia ni jamaa wa karibu wa ndege. Mwaka 1998 wataalamu wa China, Kanada na Marekani walimtangaza Caudipteryx, aliyeishi Liaoning, China, miaka milioni 125 hivi iliyopita. Kimo chake kilikaribia cha tausi. Alikuwa na manyoya mafupi mikononi, na kwenye ncha ya mkia manyoya marefu yaliyotandazwa kama upepeo.

Swali: Labda yalikuwa ya kurukia tu.

Hapana. Mikono yake ni mifupi mno kwa mwili ule. Tena, okota unyoya wa bawa la ndege arukaye utaona upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine; ya Caudipteryx yana pande zinazolingana. Joto nalo halielezi kitu, maana manyoya yaliyokaa kwenye ncha ya mkia hayaufuniki mwili. Ndipo wengi wetu tukaanza kufikiria madoido ya kutongozea.

Swali: Mifupa yenyewe inasemaje?

Hapa ndipo penye utamu. Wataalamu wa visukuku Scott Persons, Philip Currie na Mark Norell waliichunguza mikia ya kundi la Caudipteryx, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014. Dinosaria wengi wa miguu miwili walikuwa na mkia mrefu na mkakamavu wa kuwapa mizani. Hawa mkia wao ulikuwa mfupi, na pingili zake zilikuwa fupi na nyingi, kwa hiyo uliweza kupinda huku na huku bila shida. Mifupa inayotokeza kando ya pingili ilikuwa mipana, dalili kwamba ilibeba misuli mingi. Yaani ni mkia mfupi, mwepesi kupinda, wenye nguvu kuliko alivyohitaji mnyama wa kutembea tu.

Halafu kuna Nomingia, wa kundi hilohilo, kutoka jangwa la Gobi, Mongolia, aliyeishi miaka milioni 70 hivi iliyopita. Pingili zake tano za mwisho ziliungana zikawa mfupa mmoja. Mfupa wa namna hiyo uko mkiani mwa kuku wako, na ndio unaoshika manyoya ya mkia. Ila Nomingia hakuacha alama ya unyoya hata mmoja, na yuko dinosaria mwingine wa China, Beipiaosaurus, mwenye pingili zilizoungana lakini hana upepeo. Kwa hiyo mfupa huo ukiwa peke yake haunitoshi. Kinachonishawishi ni vitu vyote kukutana katika kundi moja: wepesi, misuli, na manyoya yasiyofaa kuruka.

Swali: Dume na jike mnawatofautishaje?

Kwa shida. Gobi hiyohiyo walipatikana dinosaria wawili wa kundi hilo, aina ya Khaan, wakiwa karibu karibu, wakapewa jina la utani la Romeo na Juliet. Walilingana ukubwa, lakini mifupa midogo iliyo chini ya shina la mkia ilikuwa tofauti: ya mmoja ilikuwa na ncha pana zaidi. Mwaka 2015 Persons na wenzake walipendekeza kwamba huyo ndiye dume, na kwamba ncha hizo zilishika misuli ya kuuchezesha mkia. Ni hoja nzuri, lakini wanyama wawili ni wachache. Ningependa kuwaona kumi.

Swali: Kuna uhakika gani kwamba jike hujali mkia?

Kwa ndege walio hai, jaribio maarufu lilifanyika Kinangop, Kenya. Huko kuna ndege mweusi ambaye dume, wakati wa kuzaliana, huota mkia wa nusu mita hivi. Mtafiti Malte Andersson wa Uswidi aliwakata baadhi ya madume mikia, akawagundishia wengine vipande hivyo ili mikia yao iwe mirefu zaidi. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1982, waliorefushiwa walipata viota vipya vingi kuliko wenzao. Na waliokatwa hawakupoteza maeneo yao, kwa hiyo mkia haukuwa wa kutishia madume wengine. Ulikuwa wa kutazamwa na majike.

Swali: Na dinosaria, kuna alama za posa yenyewe?

Zipo, ila si za mkia. Mwaka 2016 mtafiti Martin Lockley na wenzake walieleza mikwaruzo ya kucha kwenye miamba ya Colorado, Marekani, yenye umri wa miaka milioni 100 hivi, mingine ikifika urefu wa mita mbili. Inafanana na ile wanayoichimba madume wa baadhi ya ndege wa ardhini wakionyesha ustadi wa kutengeneza kiota. Mkia ukipungwa hewani hauachi alama kwenye mchanga.

Swali: Basi mchoraji amchore Caudipteryx kama tausi?

Asifanye hivyo. Yale manyoya marefu ya tausi hayaoti mkiani. Yanaota mgongoni juu ya mkia, na mkia wenyewe ni mfupi, uko nyuma yake ukiyashikilia. Upepeo wa Caudipteryx uliota kwenye mkia wenyewe. Visukuku vyake vinaonyesha mistari ya giza na iliyopauka, kwa hiyo mistari achore bila wasiwasi. Buluu na kijani akizipaka, ni uamuzi wake.