SOMO: Ngoma na gita ndani ya studio – nani anamfuata nani?



Vikundi vingi vimetuomba msaada wa kurekodi wimbo wa amani ili upigwe redioni. Ni ombi jema. Lakini wengi hufikiri kwamba kazi ngumu ni kutunga maneno, na kwamba studio ni mahali pa kwenda kuimba tu. Sisi pia tulifikiri hivyo. Katika somo hili tunaeleza jinsi ngoma na gita zinavyorekodiwa pamoja na wapigaji wa kukodiwa, na jinsi tulivyokaribia kuharibu wimbo mmoja kabla haujaimbwa.

Wapigaji wa kukodiwa ni wanamuziki wasio wa kundi lenu, wanaolipwa kwa siku au kwa wimbo ili wawasindikize. Kazi hiyo si ngeni nchini kwetu. Kinshasa ilipokuwa bado inaitwa Léopoldville, wafanyabiashara Wagiriki walifungua studio ya Ngoma mwaka 1948 na Loningisa mwaka 1950. Humo waliajiriwa wapigaji wa kusindikiza waimbaji mbalimbali. Franco aliingia Loningisa mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 15. Huku upande wa Katanga tunakumbuka jambo lingine: mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, leo Likasi, mtu mmoja na gita yake. Mtu mmoja hana wa kubishana naye. Wakiwa sita, lazima wakubaliane nani anaongoza.

Siku hizi fundi wa sauti mara nyingi harekodi wote kwa pamoja. Anaanza na mdundo wa mashine, tik-tik-tik, ambao mpigaji anausikia masikioni mwake peke yake. Juu yake anaweka ngoma au batri. Kisha bezi, gita ya kusindikiza, mi-solo, na gita ya solo. Sauti za waimbaji huja mwisho. Faida yake ni kwamba mpiga gita akikosea, anarudia sehemu yake tu bila kuwachosha wenzake. Lakini ngoma ikikosea, vyote vinavyowekwa juu yake vinapinda.

Ngoma ya ngozi ina shida zake. Ngozi hulegea hewa ikiwa na unyevu, na hukaza ikipata joto. Nyumbani tunaipasha motoni. Ndani ya studio huwezi kuwasha moto. Basi ipasheni nje, na mchague mtu wa kuirudisha juani kila mnapopumzika. Mikro isiguse ngozi. Fundi wetu aliweka moja umbali wa shubiri hivi, nyingine juu zaidi, akazisogeza mpaka mlio mzito wa katikati na mlio mkali wa ukingoni vikasikika vyote viwili. Magodoro ukutani hupunguza mwangwi. Jenereta iwe mbali. Gita zirekebishwe nyuzi upya kabla ya kila wimbo, hata kama mwenye gita anasema bado iko sawa. Tena mkumbuke mvua: ikinyesha juu ya mabati kazi inasimama, na kama studio inalipwa kwa saa, pesa yenu inaendelea kwenda. Ulizeni jambo hilo mapema. Sisi hatukuuliza, tukalipa saa mbili za mvua.

Hayo yote ni madogo. Tuje kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 2016 na 2017 mapigano kati ya Batwa na Baluba yalifukuza watu wengi makwao katika mkoa wa Tanganyika. Mwaka 2018 tulipeleka studio mjini Kalemie kikundi cha waimbaji wa jamii zote mbili waliokuwa kambini. Mpiga ngoma alikuwa mzee Mtwa. Kwa gita tulikodi vijana watatu wa mjini.

Mzee alivalishwa kitu cha kusikilizia masikioni, mashine ikaanza. Mara tatu alianza vizuri, mara tatu akaiacha mashine nyuma.

“Papa, fuata mashine,” kijana wa solo akamwambia.

“Mwanangu, mashine hii haioni wachezaji. Mimi nafuata miguu yao.”

Fundi akatushauri tumwache mzee apumzike, mdundo utoke kwenye kinanda. Saa zilikuwa zinakwenda, na tunakiri kwamba tulikuwa karibu kukubali. Mama mmoja Mluba katika waimbaji akasimama: “Wimbo huu tuliutunga kwa ngoma hii. Ikitoka, nami natoka.”

Basi mashine ikazimwa. Wote wakaingia chumba kimoja. Spika za gita zikapunguzwa sauti na kugeuziwa ukutani. Mama wawili wakacheza peku mbele ya mzee, peku ili mikro isinase viatu. Vijana wa gita wakaambiwa wamtazame yeye mikono. Ilichukua mara nne, maana hapo mmoja akikosea wote wanarudia. Gita inasikika kidogo ndani ya mikro ya ngoma, na mwendo unaongezeka kuelekea mwisho. Fundi hakufurahi. Sisi tunaona kasoro hiyo ni afadhali kuliko wimbo wa jamii mbili wenye ngoma ya kinanda.

Jioni ndipo tulipokosea sisi wenyewe. Vijana watatu walipewa kila mmoja bahasha yake. Mzee alipewa soda na biskuti, kwa sababu kwenye bajeti tulikuwa tumemwandika “mshiriki wa kambi”, si mwanamuziki. Hakusema neno. Siku mbili baadaye tulipowaita wote wasikilize kazi, hakuja. Tulimfuata. Akatuambia, “Shambani kwa watu nalipwa sigara. Kwenu nalipwa soda.”

Wanaojua malalamiko ya Batwa kuhusu malipo ya kazi, kwa sigara au nguo kuukuu, wataelewa uzito wa neno hilo. Tulikuwa tunaimba amani huku tukifanya lile lile lililoleta uchungu. Ilitubidi kuomba ruhusa ya kubadilisha bajeti, na wiki tatu zilipita kabla hajapewa sawa na wapiga gita.

Kwa hiyo andikeni karatasi kabla ya kuingia studio: nani ametunga, nani anapiga, kila mmoja analipwa nini, nani atatunza rekodi, na majina gani yatasomwa redioni. Wengine hutuambia kwamba karatasi kati ya ndugu ni kukosa imani. Hatukubali. Sheria ya nchi ya mwaka 1986 inalinda haki za watunzi na pia za wapigaji, na tangu mwaka 2011 shirika la SOCODA ndilo lililochukua nafasi ya SONECA katika kazi hiyo.

Mzee alikuja kusikiliza mwishowe. Alisikiliza mara mbili, kisha akaomba ngoma iongezwe sauti kidogo. Iliongezwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Katika nyimbo zenu, ni chombo cha nani kinaachwa nje, na nani aliamua hivyo? Katika kamati yenu, nani anaitwa “mshiriki” wakati anafanya kazi sawa na anayelipwa? Je, mngekuwa sisi pale studio, mngeizima mashine?