Nyumba za mferejini

Swali: Nachora nyumba za kando ya mfereji, lakini taswira zake majini zinaonekana za uongo. Nakosea wapi?

Jibu: Huenda unaligeuza jengo kichwa chini tu. Kweli taswira hushuka wima chini ya kitu chake, lakini viwimbi huivuta kuelekea kwa mtazamaji na kulegeza kingo zake. Ukuta mweupe hufifia kidogo. Wa giza hupata mwanga. Mtazame mchoraji Vermeer, katika picha ya mji wa Delft aliyoichora mwanzoni mwa miaka ya 1660, iliyoko Mauritshuis, Den Haag. Taswira ya minara ya lango la mji huo, liitwalo Lango la Rotterdam, aliirefusha makusudi, na uzuri wake haunichoshi. Anza na michirizi ya wima, kisha pitisha brashi kavu kwa mlalo rangi ikiwa bado mbichi.