Herufi za Kiingereza zinazoandikwa bila kutamkwa

Mtu akisikia neno la Kiingereza linalotamkwa "naif", akaambiwa maana yake ni kisu, kisha akalitafuta kwenye kamusi chini ya herufi N, hatalipata hata akipekua mpaka jioni. Liko kwenye K: knife. Anayetafuta "rong" naye atahangaika kwenye R wakati neno lenyewe, wrong, limekaa kwenye W. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo jambo hili hutuudhi kuliko sarufi yote ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Tanzania hulionja zaidi anapoingia kidato cha kwanza, pale masomo karibu yote yanapogeuka kuwa ya Kiingereza.

Herufi hizi hazikuwekwa kumkomoa mtu. Nyingi zilitamkwa zamani. William Caxton alipofungua kiwanda cha kupiga chapa Westminster mwaka 1476, Waingereza walikuwa bado wanaisikia K ya knife. Vitabu vilivyozidi kuchapwa viliifanya tahajia itulie, lakini matamshi hayakusubiri. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 18, K ile ilikuwa imekwisha vinywani mwa wengi, ikabaki kwenye karatasi. Ndiyo maana inafaa kujifunza maneno haya kwa makundi ya herufi: yaliyopatwa na mkasa mmoja hufuata kanuni moja.

Tuanze na yale ya kn, maana ni machache na mengi ni ya mwilini na nyumbani. Knee ni goti, na kneel ni kupiga magoti. Knuckle ni kifundo cha kidole, kile kinachotokeza ukikunja ngumi. Knead ni kukanda unga. Knot ni fundo na knit ni kufuma, kwa mfano sweta. Hayo mawili ni ndugu wa damu, kwa kuwa knit ilianza kwa maana ya kufunga fundo. Knock ni kugonga, na mlangoni ni kubisha hodi. Know ni kujua, knowledge ni maarifa. Katika yote haya K haisikiki, na hakuna neno la kila siku la jamii hii linalovunja kanuni hiyo. Ulimi wetu hupenda kila konsonanti ipate irabu yake, kwa hiyo jihadhari usije ukasoma knee kama "kinii". Ni "nii" tu.

Usidhani kwamba herufi isiyosikika haina kazi. Know na no hutamkwa sawasawa, vivyo hivyo knew na new, knot na not. Ukiandika "I no the answer", msomaji ataelewa ulichokusudia, lakini msahihishaji wa mtihani atakukata alama.

Kundi la wr ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndani yake mna maana inayojirudia: kupinda na kusokota. Wring ni kukamua nguo kwa kuisokota. Wrist ni kifundo cha mkono, pale kiganja kinapogeukia. Wrench ni kunyofoa kitu kwa kukizungusha kwa nguvu, na kwa fundi ni spana. Wriggle ni kujinyonganyonga kama mnyoo. Wreath ni shada la maua lililosukwa kwa mviringo, wrinkle ni kunyanzi la ngozi au la nguo, wrestle ni kupigana mieleka. Wrong yenyewe asili yake ni kitu kilichopinda, na sisi tumepita njia hiyohiyo: tunapota kamba, na mtu aliyeiacha njia njema tunasema amepotoka. Ukiisha kuona huo msokoto, maneno haya hayakutoki tena. Write, kuandika, halimo katika ukoo huo. Asili yake ni kukwaruza au kuchora juu ya kitu kigumu, ila W yake imenyamaza kama za wenzake. Litenge na right, ambalo husikika vilevile lakini maana yake ni sahihi, haki, au kulia.

Ya gn yanayoanzia neno ni haba: gnaw ni kuguguna, gnash ni kusaga meno, gnat ni kidudu kidogo kirukacho. G inapokuja karibu na mwisho, kama katika sign na resign, kuna njia ya kuikumbuka. Lirefushe neno uone kama sauti itafufuka. Sign ni kutia sahihi, na katika signature, yaani sahihi yenyewe, G inasikika waziwazi. Resign ni kujiuzulu. Katika resignation G imerudi. Njia hii inasaidia pia kwa B ya bomb, inayosikika katika bombard. Haitakusaidia kwa debt, yaani deni. B ile haikuwahi kutamkwa katika neno hilo la Kiingereza. Wasomi waliipachika ili asili yake ya Kilatini, debitum, ionekane.

Sasa gh, ambayo ndiyo inayowatoa watu jasho. Zamani ilikuwa sauti ya kooni, iliyokaribiana na kh ya watu wa pwani wanaposema kheri. Wajerumani wanayo mpaka leo: usiku wao ni Nacht, Waingereza night; nane yao ni acht, Waingereza eight; binti ni Tochter, kwa Waingereza daughter. Katika maneno ya aina hii Kiingereza kimeiacha sauti na kubakiza herufi, hivyo ukiona ight soma "ait": light, fight, bright, might. Eight na weight ni miongoni mwa yanayokwenda upande wa "eit". Neno knight limebeba mizigo yote miwili, K mbele na gh nyuma, na wahenga wa Kiingereza walizitamka zote. Maana yake ya awali ilikuwa mvulana au mtumishi, baadaye ikawa askari mpanda farasi, na kwenye sataranji ni yule farasi.

Unapoandika maneno haya kwenye daftari, panga kwa kundi la herufi, kisha mbele ya kila neno weka matamshi kwa tahajia ya Kiswahili, maana yake na sentensi fupi uliyoitunga mwenyewe. Halafu mwombe mtu akusomee, nawe uandike bila kuchungulia. Imla ndiyo inayofichua herufi uliyoisahau.

Limebaki tawi moja la gh, nalo ni ough: hapo usitafute kanuni, jifunze neno mojamoja. Bahati nzuri dh na th tunazo, kwa hiyo matamshi yanaandikika vizuri: though, ingawa, ni "dho", through, kupitia, ni "thruu", thought, wazo, ni "thoot", bough, tawi kubwa la mti, ni "bau". Kisha kuna yale ambayo gh imegeuka F: cough, kukohoa, ni "kof", rough, yenye kukwaruza, ni "raf", tough, ngumu, ni "taf", enough, ya kutosha, ni "inaf". Laugh, kucheka, halina O lakini linakwenda na hao wa F: "laaf".