UZITO WA MLANGO WA GARAJI



Mwezi uliopita mlango wa garaji wa nyumba ya mwalimu mmoja ulianguka. Wengi munasema, "Ni shetani ilipita." Hapana, ni hesabu. Mimi nilikuwa pale: batoto babili ba darasa la saba walipanda ku mlango na kubembea, na mimi kapita wao nikacheka tu. Mlango ulilalia kinga ya mwalimu, ikakunjika kama waya. Batoto waliruka. Mungu asifiwe.

Sasa tupime. Kila mutu wa Kambove anajua shaba iko nzito: mita kyubu moja ni kilo 8 960. Chuma haiko mbali, kilo 7 850. Kwa hiyo bamba la chuma la unene wa milimita 1, mita 1 kwa mita 1, ni karibu kilo 8. Mlango ule ulikuwa na upana wa mita 2,5, urefu wa mita 2,2, na bamba la milimita 2: kilo 86. Pamoja na kornieri za kuzunguka, kilo 110. Wengine wanasema, basi tutie mbao. Mulombwa mukavu, mbao za sentimita 3, utafika karibu kilo 105. Ni vile vile.

Nguzo ya matofali inaweza kubeba kilo 110 zikisukuma chini. Matata iko upande. Uzito wa mlango unakaa katikati, mita 1,25 kutoka nguzo. Sharnieri ya juu na ya chini ziliachana mita 1,8. Basi ile ya juu inavutwa 110 × 1,25 ÷ 1,8, ni kusema kilo 76, hata kama hakuna mutu anaugusa. (Mwalimu wa fizike atasema nguvu inapimwa kwa newtoni. Azidishe mara 9,81, anisamehe.) Weka sasa batoto babili ba kilo 40 ku mwisho kabisa: 80 × 2,5 ÷ 1,8 = 111. Batoto wanavuta kupita mlango wenyewe! Jumla 187. Matofali yakaachilia.

Ulaya na Marekani milango mingi ya garaji inapanda juu, na resori ndizo zinabeba uzito. Mama mzee anainua kwa mkono mumoja. Lakini resori ikikatika, uzito wote unarudia mara moja.

Fundi wa sudire alikata mlango wetu vipande viwili, kila kimoja na nguzo yake. Uzito ni nusu, umbali pia nusu: 55 × 0,625 ÷ 1,8 = 19. Chuma ni ile ile, lakini inavuta robo tu ya mbele.

Kinga bado iko kwa fundi. Batoto bale na mimi tunailipa, nusu ni yangu.